Tumbo la Kinyozi Kimya

Kinyozi huyu watu walimwita Kimya, na jina hilo alilistahili. Vinyozi wengi huongea kuliko mashine zao. Ukikaa kwenye kiti unatoka na nywele fupi na habari ndefu. Yeye alikufunga shuka shingoni, akakuuliza, "Kama kawaida?" Basi. Neno la pili ulilisikia kazi imekwisha: "Tayari." Wapo waliomkimbia kwa sababu hiyo, na wapo waliompenda kwa hiyo hiyo. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekwisha kuchoshwa na maneno ya darasani, alikuja kila wiki, awe na ndevu asiwe nazo, ili akae mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitu.

Kwa hiyo siku tumbo la Kimya lilipoanza kusema, duka zima lilisikia.

Alikuwa ameinama juu ya shavu la mwalimu, wembe mkononi. Mngurumo ulianzia chini kabisa, kama mtu anayesukuma kabati, ukapanda, ukakata kona, ukaishia kwa mlio mrefu mwembamba wa mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu akafumbua jicho moja, akatazama dari.

"Nani anahamisha vyombo huko juu?"

Duka hilo halikuwa na ghorofa. Waliokuwa wakisubiri benchini walicheka mpaka mmoja akaangusha gazeti lake. Kimya naye alijaribu kucheka, lakini kabla hajafika popote, maji machungu yalimpanda kooni. Akageuza uso ukutani, akameza, machozi yakamlengalenga. Alimalizia ndevu za mwalimu huku chembe cha moyo kikimuwaka kama kimewekewa kaa la moto.

Pale benchini kila mtu alikuwa daktari. Mmoja akasema maziwa baridi. Mwingine akasema maziwa asiyaguse hata kidogo. Wa tatu akasema tangawizi, na jirani yake akaruka: tangawizi ndiyo iliyomlaza shangazi yake siku tatu. Kimya aliwaitikia wote kwa kichwa. Hawakujua kwamba hayo yote alikwisha kuyajaribu. Nyuma ya pazia, karibu na ndoo ya maji, alikuwa na kopo la magadi. Alikoroga kijiko, akanywa, akapiga mbweu moja ya nguvu, akapata nafuu kwa muda wa kunyoa kichwa kimoja, kisha moto ukarudi na ndugu zake. Kando ya kopo hilo kulikuwa na vidonge vya maumivu, kwa ajili ya mgongo. Kazi ya kusimama na kuinama tangu asubuhi ilikuwa imemmaliza kiuno, na vidonge hivyo alivimeza kama mtu anayetafuna karanga.

Sasa, kuhusu mkewe.

Mke wake wa kwanza alifariki zamani, akamwachia binti mmoja. Binti alipoolewa, nyumba ilibaki na redio. Kimya aliishi kwa mkate na chai ya rangi, akila amesimama dirishani, mpaka siku alipoitwa kwenye shule moja ya bweni kunyoa wanafunzi mwanzoni mwa muhula. Huko jikoni kulikuwa na mpishi, mjane, mwanamke mpana wa mabega na mwepesi wa kucheka, ambaye wanafunzi walimwita Bi Mwiko. Alimwona kinyozi amekaa chini ya ubaraza na kipande cha mkate, akamletea sahani ya maharage, akaisimamia mpaka ikaisha.

"Mwanamume anayekula namna hii," aliwaambia wenzake jikoni, "hawezi kuwa mtu mbaya."

Muhula uliofuata Kimya alikwenda kunyoa hata ambao nywele hazijaota. Wakaoana bila makelele, watu wazima wawili, kila mmoja na godoro lake la zamani.

Bi Mwiko alipenda kwa sufuria. Alikuwa amepikia shule nzima kwa miaka mingi kiasi kwamba mkono wake haukujua kupika kidogo. Nyanya ziliingia kwa kapu, vitunguu vikakaangwa mpaka mtaa ukajua, pilipili ikaachwa ijisemee yenyewe. Kimya alifunga duka giza likiwa limekwisha kuingia, na tangu asubuhi hajala cha maana, akifika anakuta mlima.

"Ongeza."

"Nimeshiba, mke wangu."

"Mtu mzima ameshiba hicho?"

Anaongeza. Angefanyaje? Miaka mingi hakuna mtu aliyejali kama amekula au hakula. Kila kijiko alichokataa kilikuwa kama kumrudishia mtu zawadi mlangoni. Alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini, akasema asante, akaenda kulala, maana miguu ilikuwa haimbebi tena.

Hapo ndipo moto ulipomsubiri. Akijinyoosha tu, uchachu unapanda hadi kooni, anashtuka usingizini akikohoa kama aliyemeza moshi. Na gesi! Tumbo lilijaa likawa gumu kama ngoma, naye amelala kando ya mkewe amekakamaa kama ubao, amebana, akimwomba Mungu asimwaibishe. Askari anayelinda benki hana kazi ngumu kama ile.

Mwishowe alichukua mto na shuka, akahamia kwenye kiti kikubwa cha sebuleni. Akikaa wima, moto ulipungua.

"Nakoroma sana," alimwambia mkewe. "Sitaki kukusumbua."

Bi Mwiko akasema haya. Lakini mbele ya kiti kile, ukutani, palikuwa na picha ya marehemu. Bi Mwiko mwenyewe ndiye aliyeifuta vumbi kila Jumamosi, kwa heshima, wala haijawahi kumkwaza. Tangu mumewe ahamie pale alianza kuifuta haraka haraka bila kuitazama. Hakuuliza. Kimya hakuona. Hayo alikuja kuyajua baadaye.

Alichokiona ni kwamba mkewe alizidisha mapishi. Alimwona anakonda, basi akaanza kumletea chakula cha mchana dukani kabla ya kwenda kazini: bakuli lenye mfuniko, limefungwa kwa kitambaa kisafi, fundo juu. Kimya alilipokea kwa mikono miwili. Alingoja mkewe apinde kona, akalipeleka kwa jirani yake, fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitenganishwa na duka kwa ukuta wa mbao tu.

"Leo tena?" fundi viatu aliuliza siku za mwanzo.

"Nimekula nyumbani."

Baadaye fundi viatu aliacha kuuliza. Akawa anaweka kijiko tayari. Kabla muhula haujaisha alikuwa ameongeza tundu kwenye mkanda wake, la kupanua. Na Kimya, upande wa pili wa mbao, alikuwa ametoboa lake, la kubana.

Ikafika siku Bi Mwiko alipoleta bakuli mapema kuliko kawaida, akaliacha dukani, akaondoka. Njiani soli ya kiatu chake ikabanduka. Akarudi, akaingia moja kwa moja kwa fundi viatu. Kimya alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Sauti za jirani zilimfikia kupitia mbao kama kawaida.

"Shemeji!" fundi viatu alimlaki kwa furaha yote. "Mungu aubariki mkono wako! Yale maharage ya jana nimemsimulia mke wangu mpaka amekasirika. Leo umetuletea nini?"

Kimya alizima mashine. Mteja akauliza kama umeme umekatika.

Bi Mwiko alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, mguu mwingine peku.

"Bakuli langu," alisema.

Lilikuwa bado kwenye rafu, fundo halijafunguliwa. Kimya alimpa. Alilipokea, akageuka, akaenda zake akichechemea kwa kiatu kimoja barabarani, mgongo umenyooka.

Fundi viatu alikuja mbio, kiatu cha pili mkononi. "Ndugu yangu, kwani nimesema nini?"

"Hujasema kitu," Kimya alimjibu. "Mimi ndiye sijasema."

Alimalizia upande uliobaki wa kichwa cha mteja, maana huwezi kumwacha mtu nusu, akakichukua kile kiatu, akafunga duka mchana kweupe.

Alimkuta mkewe jikoni, amekaa kwenye kigoda, bakuli limefunguliwa mbele yake, kijiko mkononi. Siku hiyo hakwenda kazini.

"Nimeonja," alisema bila kuinua macho. "Chumvi ipo. Hakijaungua. Nimeonja tena na tena, sioni kasoro."

"Hakina kasoro."

"Basi kama ni mimi, niambie. Kama nimekuja kukaa mahali ambapo mwenyewe bado yupo, niambie pia. Mimi mtu mzima, sitapiga kelele."

"Mwenyewe nani?"

Bi Mwiko alinyoosha kidevu kuelekea sebuleni, ukutani. Kimya alichukua muda kuelewa, na alipoelewa akakaa chini sakafuni, kiatu bado mkononi. Akaanza kusema. Hata mkewe alishangaa alikokuwa ameyaweka maneno yote yale. Akamweleza moto wa kifuani, na maji machungu, na kikohozi, na kopo la magadi nyuma ya pazia, na mwalimu alivyotazama dari.

"Nakaa pale kwa sababu nikilala chali naungua. Picha yenyewe siioni, taa huwa nimezima. Ninachokiona ni giza, nakaa nasikiliza unavyopumua chumbani."

Bi Mwiko akainua macho. "Ni kiungulia tu, basi, kilichokuhamisha?"

"Na upepo," Kimya alisema, akiutazama ukucha wa kidole gumba chake. "Upepo ndio ulionishinda. Niliogopa utanisikia."

Mkewe aliweka kijiko chini.

"Mume wangu. Mimi nimewapikia maharage wavulana wa bweni miaka nenda rudi. Unadhani kuna upepo duniani nisioujua?"

Alijaribu kubaki na hasira, lakini mabega yalianza kumtikisika, kisha kifua, kisha kigoda chenyewe. Kimya naye akacheka, na kucheka kulilibana tumbo, na tumbo, ambalo halijawahi kumheshimu, likatoa kilichokuwa ndani. Bi Mwiko aliteremka kwenye kigoda akakaa sakafuni kando yake, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Aliponyamaza alimshika mkanda wa suruali, akaligusa lile tundu jipya.

"Na huku kukonda?"

Hapo sauti ilimpungua Kimya. Alimwambia kwamba siku za karibuni hata mkate humkwama hapa, chini ya kifua, mpaka ausukume kwa maji. Na kwamba baba yake alikufa hivyo hivyo, amekonda, mkono umekaa mahali hapo hapo, na nyumbani hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba ndio huo. Ndiyo maana hakwenda kokote. Kudhani ni kitu kimoja, kujua ni kingine.

"Kesho," alisema mkewe.

"Kesho nina wateja."

"Kesho."

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke wa sauti ya taratibu. Alimlaza Kimya kitandani, akambonyeza hapa na pale, akamuuliza kama ametapika damu, kama amepata choo cheusi. Hapana. Akauliza anakula saa ngapi, analala saa ngapi, na kama kuna dawa nyingine anazotumia.

"Hakuna," alisema Kimya.

"Na zile za mgongo?" aliuliza mkewe, aliyeziona dukani asubuhi hiyo alipokwenda kumtoa kwa wateja wake.

Daktari aliweka kalamu mezani. Akataka kujua ni zipi, na anameza ngapi, na alipoambiwa, akatikisa kichwa polepole. Vidonge vile, alieleza, vinatuliza mgongo vikichubua tumbo, aviache leo. Magadi nayo yanazima moto juu juu tu, na kuyanywa kila siku yana madhara yake. Kisha akasema atampeleka hospitali kubwa akaangaliwe kwa mpira mwembamba wenye kamera.

"Mara nyingi tunakuta jambo dogo," alisema. "Lakini chakula kukwama, na mtu kukonda bila kutaka, hayo hatuyaachi yakae."

Waliposubiri kwenye ubaraza wa hospitali kubwa, Kimya alikuwa amevaa shati lake jeupe na vifungo amevikosea. Bi Mwiko alivifungua, akavifunga upya, kimoja kimoja, kama anayemwandaa mtoto wa shule. Alipofika cha juu hakuondoa mkono.

"Nikikuta ni ule wa baba?" alinong'ona Kimya.

"Tutakula uji pamoja."

"Uji hauponyi."

"Sijasema unaponya. Nimesema pamoja."

Haukuwa ule wa baba. Daktari wa pale alieleza kwa kuchora kwenye karatasi: kati ya njia ya chakula na tumbo kuna kitu kama mlango, wake umelegea, asidi inapanda, imeichubua njia mpaka ikavimba, ndiyo maana chakula kinakwama. Uvimbe mbaya hakuna. Tumboni kuna vijidudu, navyo vina dawa yake. Kimya alishukuru kwa adabu, akaikunja ile karatasi. Aliyelia ni Bi Mwiko, ubarazani, kwa sauti, mpaka muuguzi akaja kuuliza amefiwa na nani.

"Sijafiwa," alisema akipenga kamasi. "Ndilo linaloniliza."

Kupona hakukuja kama mvua. Dawa za vijidudu zilimwachia ladha ya chuma mdomoni. Dawa ya asidi ilibidi ainywe asubuhi kabla hajala, na mara mbili alisahau, akakumbushwa na kifua chenyewe. Kitanda walikiinua upande wa kichwani kwa matofali chini ya miguu yake, na siku za kwanza wote wawili waliamka wameteremkia chini kama mizigo kwenye gari bovu. Daktari alikuwa amesema pia alalie ubavu wa kushoto. Upande huo ulitazama ukuta. Jioni moja Bi Mwiko alihamisha mto wake, akalala yeye ukutani, ili mumewe akigeukia kushoto akute uso wa mtu.

Jikoni ndiko kulikuwa na vita. Wiki ya kwanza mpishi wa shule nzima alichemsha kila kitu, bila mafuta, bila kiungo, bila roho. Walikula wametazamana.

"Mke wangu," Kimya alisema siku ya nne, "hiki ni chakula au kifungo?"

"Nami nilikuwa nakusubiri useme!"

Wakaanza kutafuta njia ya katikati, na kazi hiyo ilimfaa Bi Mwiko kuliko alivyodhani. Aligundua kwamba nyanya nyingi humwasha mumewe, lakini karoti iliyopondwa humpa mchuzi rangi bila ugomvi. Maharage aliyaloweka, akamwaga maji, akampa kidogo mchana, kamwe si jioni. Soda ikatoka nyumbani. Pilipili alijiwekea yeye kwenye kisahani chake, akaila akimtazama mumewe kwa huruma isiyo ya kweli. Akanunua sufuria ndogo. Siku aliyoileta aliizungusha mkononi, akaiweka jikoni, akairudia kuitazama, kama anayeogopa itapotea.

Kimya alianza kufunga duka kabla jua halijazama, ili ale mapema, na baada ya kula asilale. Wateja wa jioni walinung'unika. Mwalimu mstaafu aliwajibu kutoka kwenye kiti, povu kidevuni, kwamba mwenye haraka ya nywele aje asubuhi, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema pale. Mgongo ulitafutiwa kiti kirefu cha kuegemea akinyoa. Na bakuli la mchana liliendelea kuja, ila sasa yalikuwa mawili: dogo la Kimya, na jingine la fundi viatu, aliyekuwa ameapa hatakula tena cha shemeji yake, na kiapo hicho hakikufika hata saa saba.

Jioni walitembea mume na mke, taratibu, wazunguke mitaa miwili mitatu chakula kishuke. Walizungumza, au hawakuzungumza. Kimya akibeua, mkewe alisema "Pole," kama anayemwitikia mtu chafya.

Fundi viatu alipomwoza binti yake, walialikwa meza ya mbele. Nyama ilikuwa ya kukaanga, soda zilikuwa baridi, muziki ulikuwa mkubwa, na Kimya, ambaye kwa miezi alikuwa hajisikii mgonjwa, alijisahau. Alikula. Akanywa moja, akanywa ya pili. Fundi viatu alisimulia habari za kiatu kimoja na bakuli lililofungwa, meza nzima ikacheka, na Kimya alicheka kuliko wote, ameegemea kiti, mdomo wazi.

Asubuhi aliingia jikoni ameshika kifua. Mkewe alikuwa anawasha jiko.

"Kifua kimewaka," alisema, kabla hajaulizwa.

"Niliiona ile soda ya pili."

"Mbona hukunikataza?"

Bi Mwiko alipuliza moto, akabandika maji ya uji. "Ulikuwa unacheka," alisema. "Sijawahi kukuona ukicheka hivyo mbele za watu. Nikasema, acha, kesho tutauguza."

Akamvutia kigoda karibu na ukuta apate pa kuegemea, akamfungua mkanda tundu moja, akamwekea mkono mgongoni, katikati ya mabega, akawa anausugua polepole huku kwa mkono wa pili anakoroga. Kimya alifumba macho. Duka lilichelewa kufunguliwa siku hiyo, na waliokuja mapema walikaa benchini wakamsubiri.